Kikanyagio cha Mama

Kaka Djibril,

Barua hii ikukute muzima huko Kigoma. Hapa Kanyosha mvua imerudi, Assia amezaa mutoto wa kike, na Mama anakusalimia sana.

Umeuliza kama ile pikipiki yako bado inamupeleka Mama musikitini kila Ijumaa. Apana, Kaka. Nilimupa fundi, nikaongeza kidogo, nikachukua mupya. Vijana wenzangu pale parking walikuwa wanaiita mbuzi ya mzee, sababu ya kelele yake. Mi nilicheka nao. Nilikuwa naona haya hata na kile kikanyagio kipana ulichochomelea kwa ajili ya muguu wa Mama. Fundi ameisha kuikata vipande.

Hii mupya inakimbia vizuri, lakini kiti iko juu. Mama alijaribu kupanda mara mbili, akashindwa, akacheka, akasema nitangulie tu.

Sasa anaenda kwa miguu na fimbo. Majirani wakimuuliza, anawaambia eti ni daktari amemwambia atembee.

Kaka, siku daktari alimukataza kutembea, mi nilikuwa nimesimama palepale.

Mudogo wako,
Shakuru