Sekondi za Namba Sita

Jumatatu, 7 Oktoba 1968

Kumi na tisa! Nimehesabu mara mbili pale ubaoni kiwandani, kwa kidole, Pauline, binti wa benchi letu, yuko nyuma yangu anajifanya anafunga aproni. Namba 6 — sekondi 19, yaani vyombo vyenye dosari. Namba 6 ni mimi. Miaka arobaini na moja nachora mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa sahani, sijawahi kuvuka sekondi nne kwa wiki.

Nikataka kuziona. Ada Machin akanitolea moja, akaigeuza. Mgongoni, juu ya nembo ya kiwanda, mkwaruzo wake. Ule mkwaruzo mmoja unaosema chombo hiki kina dosari, kipelekwe duka la sekondi pale langoni. Nikaigeuza tena. Mstari wangu umezunguka vizuri kabisa! Nikamuuliza, dosari iko wapi?

"Ipo, mwenzangu. Ipo tu."

Ipo tu! Mkaguzi mzima wa vyombo, anajibu ipo tu. Na macho anayatupa dirishani.

Bwana Bagnall, meneja, keshatangaza: atakayefikisha sekondi ishirini kwa wiki anaondoka benchi la dhahabu, anakwenda ufungashaji kuviringisha vikombe kwenye majani makavu. Ishirini. Mimi nina kumi na tisa. Ada anajua sana kuhesabu. Hapa pana jambo.

Jumanne, 8 Oktoba

Kabati la chini ya meza ya Ada lina kufuli. Jipya, la shaba. Tangu lini? Miaka yote alikuwa anaweka humo matambara na biskuti zake.

Nimemkuta kapiga magoti, anasukuma kitu ndani. Akashtuka kama kaona polisi. "Subiri sekondi moja tu, Hilda." Sekondi moja! Hata wakati anaupima kwa neno hilo. Akafunga, ufunguo akautumbukiza ndani ya blauzi.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani, mvua inanipiga. Anaficha sahani zangu nzuri, anabakiza zile za kukwaruza. Hivyo hesabu inaharibika, na mimi nang'oka.

Na sababu naijua. 1927. Tuliingia kiwandani siku moja, tuna miaka kumi na minne, nywele bado tumesuka za shule. Msimamizi akatupa brashi na sahani moja moja. Nafasi ya dhahabu ilikuwa moja. Mimi nikawa wa kwanza, Ada wa pili. Yeye akapelekwa ukaguzi, na tangu siku hiyo kazi yake ni kutazama mistari yangu. Hakuwahi kulalamika. Alinisimamia harusi, akalia kuliko mama yangu. Miaka arobaini na moja bila neno moja la uchungu — sasa uchungu wote huo kauweka wapi?

Labda kabatini.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkutano wa chama cha wafanyakazi, chumba cha chai, moshi wa sigara mpaka machozi. Katibu katoa hoja: wachora dhahabu wote wapimwe macho, na kiwanda kitoe ruhusa ya nusu siku.

Hakuna aliyeinua mkono. Hoja isiyopata sekondi, mtu wa pili wa kuiunga mkono, inakufa pale pale. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha mkono ukainuka kule nyuma, karibu na sinki.

Ada! "Naunga mkono."

Inamhusu nini? Yeye hachori hata nukta! Lakini sheria ni sheria, hoja ikapigiwa kura, ikapita. Mimi sikuinua mkono. Nilikuwa namtazama yeye, yeye anatazama viatu vyake.

Pauline, aliyezaliwa juzi, ananiambia ngazini, "Kupima macho hakuumi, Bi Hilda." Nikamwambia aende akapime ulimi wake kwanza.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kwanza sekondi, halafu macho, halafu majani makavu. Naona yote.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepika mchuzi wa nyama na viazi, ule mzito. Mume wangu Clem kamaliza, kanyanyua bakuli. "Kuna sekondi?"

Alitaka kuongezewa, najua. Lakini nilimwambia neno hilo lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii. Akacheka mpaka kijiko kikaanguka. "Basi mama, toa na saa ya ukutani. Imejaa sekondi tele, inazitema usiku kucha! Na mimi je? Si mume wako wa pili?"

Kweli ni wa pili. Wa kwanza vita vilimchukua. Sikucheka lakini.

Nikamimina chai ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Birika hili lina mdomo mbovu, nimesema mara ngapi linunuliwe jingine. Clem kalitazama birika. Kisha kanitazama mimi, kwa muda mrefu. Sikupenda.

Halafu kuna hili: juzi Jumanne nilikuta vikombe viwili kwenye sinki, na kimoja kina rangi ya mdomo. Rangi ile ni ya Ada. Yeye Jumanne anatoka saa tisa, mimi saa kumi na moja. Clem hajaniambia kitu. Wanazungumza nini mimi nisipokuwepo? Hata nyumbani kwangu sasa niwe natazama nyuma!

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata shahidi. Pauline kaninong'oneza kwenye foleni ya kunawa: kamwona Ada anabeba sahani kwenda kabatini, kazifunika kwa aproni. "Za namba 6, Bi Hilda. Nimeona kwa macho yangu."

Si nilisema?

Nimeandika barua wakati wa chakula, sikula. Kwa Bwana Bagnall. Kwamba Ada Machin ana kijicho na mimi tangu utoto. Kwamba kazi yangu safi anaikwaruza na nyingine anaifungia. Kwamba kabati lifunguliwe mbele ya watu. Nimetia sahihi yangu, mimi si mtu wa kujificha. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la barua pale ndani ya lango, nikaisikia inaanguka.

Ada alikuwa anapita na mwavuli wake. Kanipungia mkono. Nami nikampungia.

Moyo mweupe. Leo nitalala.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nilikwenda duka la sekondi. Nilitaka ushahidi mkononi. Nikaikuta sahani yangu kwenye rundo, namba 6 mgongoni, na mkwaruzo. Nikaileta nyumbani, nikamwekea Clem mbele. Haya, wewe si huna upande? Nionyeshe dosari!

Akaipeleka dirishani. Kisha akatoa njiti ya kiberiti, akailaza kati ya ukingo na mstari wa dhahabu. Ikaenea sawasawa. Akazungusha sahani kidogo. Hapo zikaingia njiti mbili. Akazungusha tena. Hapo haikuingia hata moja, dhahabu ilikuwa imepanda juu ya ukingo wenyewe.

Nikasema kaipinda njiti.

Kakaa, kaniuliza kama namkumbuka Arthur Pickford. Nani asiyemkumbuka! Clem alikuwa sekondi wake, yule mtu wa pembeni ya ulingo mwenye ndoo na sponji. Enzi za ujana, kabla sijamjua.

"Bondia hajui jicho lake limeanza kufumba," kasema. "Kila raundi Arthur ananiambia naona vizuri, Clem, naona vizuri. Na hasemi uongo! Anaamini. Ndiyo maana anawekewa sekondi. Sekondi anaona kwa niaba yake, na taulo liko begani. Akiona yatosha, anarusha taulo, ngumi zinakoma."

"Ulilirusha?"

"Nilimwonea haya. Nilisubiri raundi moja zaidi."

Arthur Pickford anauza magazeti kituo cha treni. Anatujua kwa sauti.

Nilimkasirikia. Nikatoka, nikasimama jikoni peke yangu. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Dirisha la jikoni lina vyuma vinne vilivyonyooka, nimevifuta miaka ishirini. Vilikuwa vimepinda, kama vimelegea kwa moto. Na katikati, doa. La ukubwa wa dole gumba. Nikatazama mkono wangu, vidole vinaonekana, kiganja hakipo. Nikaziba jicho la kulia. La kushoto lina doa dogo zaidi, lakini lipo.

Nimeogopa. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma: nimeogopa sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikusinzia. Kichwa kinafanya hesabu.

Kama ile ya dukani ndiyo Ada aliyoiona inafaa kuonyeshwa watu — zile alizozifungia zikoje?

Kumi na tisa. Si ishirini. Mjinga mimi! Alikuwa anahesabu kweli, lakini kwa upande wangu. Kila iliyozidi kumi na tisa aliiingiza kabatini.

Clem kakubali yote mezani. Ada alikuja Jumanne, kamwomba aseme nami taratibu kabla mtu mwingine hajajua. Clem kasema sawa, kisha akashindwa kufungua kinywa. Na ile hoja ya chama: wapimwe wote, ili nisionekane mimi peke yangu. Ada kainua mkono kwa ajili hiyo.

Na mimi nimeandika barua. Kuficha vyombo vibovu kiwandani kwetu ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, hakuna onyo. Bado miezi kumi na minne Ada astaafu.

Nilikimbia kwake, mlango umefungwa. Jirani yake kapaza sauti kutoka dirishani, "Kaenda kwa dada yake Buxton, bibie, atarudi na basi la mwisho!" Nikaenda kiwandani. Lango limefungwa kwa mnyororo. Sanduku la barua naliona pale ndani, hatua sita tu. Yaani nimelishika lango nikalitikisa kama kichaa, na watu wanatoka kanisani.

Kesho niwe wa kwanza kufika. Nitoe barua. Nitaomba, nitapiga magoti, nitasema lolote.

Jumatatu, 14 Oktoba

Saa nne na robo. Naandika benchini, dhahabu inanikaukia kwenye brashi.

Nilifika kabla ya wote. Mlinzi kasema sanduku lilifunguliwa Ijumaa ile ile jioni.

Nilimkamata Ada pale anapotundika koti. Nikasema, Ada, nimeandika barua. Sikufika mbali, Bwana Bagnall alikuwa keshaingia, karatasi yangu mkononi, mwandiko wangu naujua hata kwa jicho bovu. "Bi Machin, ufunguo."

Ada akautoa ndani ya blauzi.

Sahani hamsini na tatu. Bagnall alizipanga mezani moja moja, na chumba kizima kikasimamisha kazi. Sikuweza kuona mistari vizuri. Nilitazama nyuso za watu badala yake. Pauline kaweka mkono mdomoni. Mtu mmoja kasema kwa sauti ya chini, Mungu wangu.

Na Ada? Ada kasema ni zake! Kwamba alizichelewesha kuzikagua, kazi ilimzidi, akaona haya, akazificha. Kwamba zilikuwa safi, zimeharibikia kabatini kwa unyevu. Dhahabu iliyopita tanurini iharibiwe na unyevu! Hata mfagizi hawezi kuamini hilo. Bagnall kamtazama, kisha kaitazama barua, na nimeona kabisa anaamini kinachomrahisishia kazi.

Wako ofisini sasa, mlango wa kioo. Naona umbo la Ada limesimama, halijapewa kiti. Bagnall kamtuma karani kwangu: nikimaliza sahani iliyo mbele yangu niingie, nirudie kwa mdomo niliyoyaandika, kisha nitie sahihi mbele ya katibu wa chama.

Pauline kasogea. Kaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Hilda, unaona vizuri?" Nusura nimjibu naona vizuri.

Sahani iliyo mbele yangu sijaimaliza. Siwezi kujua niliishia wapi.

Ada kageuka. Ananitazama kupitia kioo, anatikisa kichwa, kidogo tu. Usiseme. Najua maana yake, nimemjua miaka arobaini na moja.

Nimeosha brashi. Nimeifuta kwa taulo langu la kazi, lile la madoa ya dhahabu, na kuiweka kwenye meza ya Pauline. Kanishangaa. Taulo nimebaki nalo mkononi, na raundi moja zaidi sisubiri.

Bagnall kafungua mlango, ananiita kwa jina.