Wimbo wa Mwaitu Mteremkoni

Kikima,
Septemba 1986

Kwa dada yangu mpendwa Mutindi,

Pokea salamu nyingi kuliko mawe ya Mbooni, nawe unayajua hayo mawe, maana yalikukwaza vidole tangu utotoni. U hali gani huko Kabati, Kitui? Shemeji Musyoka hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto Ndeti, kimepona au bado mnamnywesha limau? Mimi mwilini sijambo. Ninakula, ninalala, cherehani yangu bado inazunguka pale sokoni, na watu bado wananiletea suruali zilizopasuka mahali ambapo si pa kutajwa kwenye barua. Mama, Mwaitu wetu, naye hana ugonjwa. Mahindi tumevuna, stoo imejaa mpaka mlangoni, Mungu asifiwe.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Umeniuliza jambo moja tu, ila umelirudia kila baada ya mistari michache: kwa nini mama yetu ameacha kuongoza akina mama kanisani, na kwa nini umesikia kwamba hashiriki tena Meza ya Bwana. Umesema hata huko Kitui watu wanakunong'oneza kwamba Mwaitu amerudi kwa waganga. Ukasema nisikufiche kitu. Dada, nilipofika hapo nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, na nikainama chini kuokota sindano ambayo haikuwa imeanguka. Jibu ninalo. Lakini siwezi kulitoa kabla sijakusimulia habari za lile gari, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba nimenunua gari la Kiingereza la zamani, Wolseley, la siku zile za mkoloni. Nililikuta Salama, nilikokwenda kwa Hared kuchukua vitambaa. Lilikuwa nyuma ya duka lake, magurudumu yameingia udongoni, na kuku wake walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mzungu mmoja aliyekuwa safarini kwenda Mombasa lilimharibikia hapo, akasema atarudi kulichukua, na mpaka leo hajarudi. Hared ni mtu mwaminifu. Aliniambia waziwazi kwamba gari hilo limekufa, na kwamba kama nina haja ya kutembea afadhali ninunue baiskeli. Mimi nikamwona kama mtu asiyejua uzuri. Maana dada, ungeliona uso wake! Pale mbele, katikati ya vyuma vinavyong'aa, pana kinembo kidogo cha kioo, na ukiwasha taa kinembo hicho nacho huwaka, jina la gari likasomeka gizani. Nilikitazama kile kinembo nikaona mimi na gari hili tumezaliwa siku moja. Nikamuuza fahali wangu, nikalipandisha Kikima juu ya lori, na soko zima likasimama kutazama.

Kwa nje nililitengeneza, hilo hakuna atakayeninyima. Mimi ni fundi wa nguo, najua kuvisha. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zikaisha, nikaziba matundu, nikapiga rangi nyeusi, nikaipiga tena. Viti nilivishona upya kwa ngozi ya plastiki nyekundu, mshono juu ya mshono, na dari nikaitandika kitambaa cheupe kisicho na kunyanzi hata moja. Magurudumu nikayapata, breki nikazitengeneza zikashika. Aliyelitazama kwa mbali alidhani limetoka jana dukani.

Injini ndiyo iliyonishinda. Niliifungua mwenyewe, kwa kiburi cha mtu anayefungua cherehani na kuirudisha macho yamefumbwa. Nikavipanga vyuma kwenye mkeka, kila kimoja mahali pake, halafu kuku wakavipangua. Nilipomwita fundi kutoka Machakos, alikaa akachungulia, akaniambia kile chuma kikubwa cha chini, kinachozungusha vyote, kimepasuka, na spea yake huenda isipatikane Kenya hii yote. Akanawa mikono akaenda zake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha. Siku ambayo Mwaitu alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, niliibeba ile injini kwa wilibaro, vipande vipande, nikaisukumia kwenye pembe ya stoo ya mahindi, nikaifunika kwa magunia matupu. Kila aliyeniuliza nilimwambia gari limebakiza kidogo tu.

Na waliouliza walikuwa wengi. Mzee Kilonzo, yule mzee wa kanisa mwenye ulimi, alilipa gari jina: kuku wa Kisilu. Kila Jumapili, mbele ya watu, aliniuliza kama kuku wangu ameshaangua au bado analalia. Watu walicheka, nami nikacheka nao, moyoni ninaungua. Lakini aliyeniumiza zaidi ni Mwaitu, kwa sababu alinitetea. Aliwaambia kwamba mwanawe akianza kitu hukimaliza, wangoje tu wataona. Akaliombea gari hata kwenye maombi ya akina mama.

Basi Jumapili moja Pasta Mwangangi akatangaza kwamba mwisho wa mwezi wa Julai, baada ya ibada, gari la Kisilu litawekwa wakfu, na kwamba litakuwa likiwaleta kanisani bibi wazee wa ng'ambo ya bonde wasioweza tena kupanda mlima. Ningependa kukuambia kwamba hakuniuliza. Aliniuliza, dada. Nilitabasamu, naye akalichukua tabasamu langu kuwa ndiyo. Sitamsingizia mtumishi wa Mungu.

Hapo ndipo shetani alipoketi kwenye cherehani yangu. Unaijua barabara yetu: kutoka langoni kwetu inateremka, inapita mbele ya kanisa, inateremka tena mpaka kwenye kinu cha posho kule mtoni. Hakuna mahali inapopanda. Nikajiambia kwamba gari likisukumwa kidogo tu litakwenda lenyewe mpaka kinuni, na nani atajua? Pua ya gari ilikuwa imeinuka kwa kukosa uzito, kwa hiyo nikafunga mbao ndani ya boneti nikapakia mawe ya mto mpaka ikakaa sawa. Nikachajisha betri ili taa ziwake na honi ilie. Niliyafikiria yote, au hivyo nilidhani.

Siku ilipofika, kanisa zima lilipanda mpaka kwetu, vitambaa vyeupe vya akina mama vimejaa uani. Pasta akaweka mkono juu ya boneti akaomba kwa machozi, na chini ya mkono wake, dada, ni mawe. Mzee Kilonzo akavua kofia. Baada ya amina Pasta akasema kwamba wa kwanza kubebwa na gari hili awe ni yule aliyeliombea kuliko sote, mama mzazi. Hilo sikulitarajia. Mwaitu alisimama akalitazama gari, kisha akanitazama mimi, kitambo kidogo. Halafu akaingia, akaketi mbele, akaufunga mlango taratibu kama anayefunga chumba alimolala mgonjwa. Nilidhani anaheshimu viti vyangu vipya.

Nikaachilia breki ya mkono. Vijana wakasukuma kwa furaha, gari likaanza kwenda. Na papo hapo nikajua nilichokisahau. Nilikuwa nimefikiria uzito, na taa, na honi, na breki, ila nikasahau kwamba gari hunguruma. Kulikuwa kimya. Nilisikia changarawe chini ya magurudumu. Nilisikia jogoo wa jirani. Nikamwona Mzee Kilonzo anainamisha kichwa, sikio limeelekea kwetu, na jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

Ndipo Mwaitu akatoa kichwa dirishani akaanzisha wimbo. Aliuanzisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata kwenye mazishi ya baba. Ulikuwa ule mrefu kuliko nyimbo zote, wenye beti ambazo hata kwaya huzikwepa. Akina mama wakaupokea, ngoma ikaingia, vigelegele vikafuata, na watu wakakimbia nasi kando ya barabara wakiimba mpaka tukapita kanisa, kinembo kinawaka mchana kweupe, nami ninapiga honi kama mwendawazimu. Nilisema moyoni kwamba Mungu mwenyewe ameufungua mdomo wa mama yangu kwa furaha. Kinuni nikakanyaga breki. Nikawaambia watu kwamba gari limechemsha, liachwe lipoe, nikafunga milango. Mwaitu akashuka, akanishukuru mbele ya wote, akarudi nao mlimani kwa miguu. Gari liko pale mpaka leo chini ya turubai, na Kikima yote inaamini ninangoja spea kutoka Uingereza. Mzee Kilonzo aliniomba msamaha, dada. Alinishika mkono akaniomba msamaha, nami nikampa.

Wiki iliyofuata Mwaitu alirudisha ufunguo wa kabati la akina mama. Jumapili ya kwanza ya Agosti, mkate ulipopitishwa, alikunja mikono akauacha upite. Mimi niliyeketi karibu naye niliupokea nikala. Septemba ikawa vivyo hivyo. Maneno yakaanza: mara ana kinyongo na Pasta, mara ni yale ya waganga uliyoyasikia. Pasta alimjia nyumbani; Mwaitu akamkaribisha chai, ila sababu hakumwambia. Nami niliwaza labda ni uzee.

Sasa nisikilize vizuri. Siku niliyopata barua yako niliingia stoo kuitoa ile injini nikaifukie mahali, kwa sababu watu wa kanisa walikuwa wanakuja kuchukua mahindi ya sadaka ya mavuno. Magunia niliyoifunikia hayakuwapo. Mwaitu alikuwa ameyajaza mahindi tangu mavuno yaanze. Injini ilikuwa palepale pembeni, na juu yake imefunikwa leso, imechomekwa pande zote kama mtoto aliyelazwa. Ni ile leso uliyompa siku ya harusi yako, Mutindi, ambayo hajaifunga hata mara moja kwa sababu anaitunza ya kuzikiwa. Ilikuwa imenywa oili katikati.

Nilimkuta uani anapukuchua. Nikaishika tu ile leso mbele yake. Akaniambia, wala hakuinua macho, kwamba injini aliiona Jumamosi, siku moja kabla ya kuwekwa wakfu. Akina mama walikuwa mlangoni wamekuja kupima mahindi, naye alikuwa ameshayatoa magunia; hakuwa na kitu kingine cha kuifunikia karibu ila leso iliyokuwa kwenye sanduku lake la nguo. Kwa hiyo Pasta alipomwita aingie garini, alijua kwamba ndani hamna kitu. Alifikiri akatae, akaona akikataa watu watauliza sababu. Akaingia. Akasema aliposikia kimya kile alimwona Kilonzo anatega sikio, naye akachagua wimbo mrefu kwa kuwa alijua mteremko ni mrefu.

Kisha akasema wimbo ule ni wa Mungu, naye ameutumia kufunikia chuma. Kwa mdomo huo hawezi kuongoza wengine, wala hawezi kuinyooshea mkono Meza mpaka jambo litengenezwe. Na kulitengeneza si kazi yake, kwa sababu angelisema yeye angekuwa amemvua nguo mtoto wake hadharani. Kwa hiyo alikuwa akiningoja. Wakati wote ule aliposengenywa, alikuwa akiningoja mimi, nami nilikuwa nikila mkate kando yake.

Dada, nimeona haya nyingi maishani, lakini hii haina nguo ya kuivisha. Nilipiga magoti kwenye maganda ya mahindi nikalia, nikamwomba msamaha. Akaniambia msamaha alikuwa ameshanipa kabla hajaingia ndani ya gari, lakini Meza si yake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mtoni tu. Nimekwenda kwa Pasta. Nimemweleza yote. Aliutazama ule mkono wake aliouweka juu ya boneti, kisha akakubali kwamba Jumapili ya kwanza ya Oktoba nisimame mbele ya kanisa kabla ya mkate kupitishwa. Baadaye nitateremka nao kinuni niwafungulie boneti, kila mtu ayaone mawe, na Mzee Kilonzo awe wa kwanza. Acheke atakavyo. Ninachokuomba ni uje. Panda basi Ijumaa, uketi naye benchi moja, ili asiwe peke yake watu watakapogeuka kumtazama. Mimi nimemwomba kitu kimoja tu: nitakaposimama pale, hata nikikosa maneno na kanisa lote likawa kimya, asiimbe.

Nisalimie shemeji Musyoka sana, umwambie ile suti yake iko tayari, imebaki vifungo. Watoto wabusu wote, na Ndeti umpe salamu za bibi yake. Mungu awalinde mpaka tuonane. Ukija, mletee Mwaitu leso nyingine. Ile nimeifua kwa sabuni na kwa majivu, na doa halitoki.

Ni mimi ndugu yako, mwenye haya,

Kisilu