Velma Alilala Wima

Mjambere, Kisauni
Alhamisi

Mwanangu Ngowa,

Pokea salamu za babako, mzee wa miaka sabini na sita, niliyezika wake wawili na vijana wote tuliobeba magunia pamoja bandarini Kipevu. Hujambo huko Voi? Kifua kimepoa? Usiicheke hati hii. Darasa langu la pili lashinda vyeti vya wengine.

Juzi jioni binti yako Velma alikuwa akimkaangia mamake viazi karai vya kuuza, mdogo wake Kai kambeba mgongoni kwa leso. Nikamwona kanyamaza, mwiko mkononi. Kumbe mtoto wa miaka kumi na tatu amelala wima! Akaanza kuinamia mafuta. Niliruka, Ngowa, kwa miguu hii hii mnayoicheka, nikawavuta wote wawili. Mafuta yalimuunguza Velma mkono. Kai hakuguswa.

Zahanatini, muuguzi akauliza mtoto hulala saa ngapi, na kama ana simu. Mkeo Kafedha akajibu simu hakuna, nyumba kaipekua hadi chini ya magodoro. Mimi nikakohoa, nikatazama dari. Basi Kafedha kaamua ni pepo. Jumamosi ampeleka kwenye maombi ya siku saba, hali, hanywi. Mtoto ambaye mwezi mzima hajalala! Atatufia, Ngowa.

Pepo huyo ni mimi. Velma ndiye aliyenifundisha kunyoosha herufi hizi, nami nikamzawadia simu, nikamwambia mamake asijue. Nikajiona babu kweli kweli. Kila usiku yuko ndani ya shuka na vichekesho vifupi vifupi, kimoja kikiisha kingine chaja chenyewe, mpaka jogoo. Nilimsikia akicheka, nikafurahi. Kafedha alipopekua, nilikuwa nimeificha kwenye buti langu la bandarini. Nilijua mke wa mwana hatii mguu chumbani kwa mkwewe.

Leo nimemnyima. Kalia, kaniita mchawi, kisha kalala tangu asubuhi. Kila akinyamaza naenda kusikiliza kama anapumua.

Kukupigia sikuweza. Ningesikia sauti yako ningedanganya tena. Tinga, dereva wa lori, atakufikishia barua hii kesho. Mpigie mkeo kabla ya Jumamosi, nakusihi, mimi ambaye sijamsihi mtu.

Nisalimie wenzako wa kazini. Kafedha akisema namkingia mtoto, amuulize Thoya, fundi simu wa hapa Mjambere, aliyeniuzia. Na akimkataa Thoya, basi nimempa ruhusa: aingie chumbani kwangu, atie mkono ndani ya buti la kushoto.

Ni mimi babako,
Gershom Tsofa