Amplifaya Iliyolala

Wanjiru wangu,

Habari za huko Eldoret? Sisi hapa Ruiru tuko salama, hata goti la nyanya yako, cucu, limepoa. Ila swali lako limenitia wasiwasi: eti upime ukinzani wa amplifaya, pale waya wa redio yako ya mawasiliano unapoingia, ikiwa imezimwa?

Nikiwa kijana Thika, mimi na rafiki yangu Harjit tulipima yetu hivyo, na mita ikaturidhisha. Tulipoiwasha tukaanza kuongea, redio ikaungua. Kumbe ukinzani hubadilika amplifaya ikiwaka; iliyolala haisemi ukweli.

Basi ipime ikifanya kazi, mita ikiwa kati ya redio na amplifaya. Lakini funga kifuniko kwanza, tafadhali, na mkono mmoja ukae mfukoni, stima isipate njia ya kupitia moyoni.

Cucu yako ananicheka. Hata barua hii naiandika mkono mmoja mfukoni, karatasi ikiteleza.

Babu yako, Guka