Ufunguo wa Kabati la Ribon

Kitui, Alhamisi, mwezi wa kumi, 1996

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kisa na sisi. Mchana mawingu yalikusanyika, tukatoka barazani kuyatazama, wauguzi na wagonjwa, kisha yakaondoka kwenda kunyeshea watu wengine. Sasa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Nimekaa kitandani na daftari magotini, chai imepoa na sijali.

Leo nimepeleka ukurasa mmoja niliouogopa tangu Jumatatu.

Nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitajipendelea.

Katika hospitali hii ya misheni wananiita Mama Printa, ingawa sina mtoto na printa sikuzizaa. Ziko tatu: moja rekodi, moja famasi, moja maabara. Zilikuja na kompyuta miaka minne iliyopita, nikatolewa kwenye taipu nikaambiwa nizitunze. Nimezitunza. Nimezishonea nguo kwa mashuka makuukuu ya wodini ili vumbi lisiziue. Ya maabara huvuta karatasi upande wa kushoto, nimeiwekea kipande cha kiberiti chini ya mguu mmoja. Ribon, ule utepe wa wino unaozunguka ndani, ikikauka siitupi. Naifungua, nailowesha kwa wino wa muhuri, naitundika dirishani, na inafanya kazi wiki kadhaa tena. Ndiyo maana vidole vyangu ni vyeusi daima, na kanisani nikisalimiwa natoa mkono upesi na kuurudisha upesi.

Ribon zote zilikaa katika kabati langu, barazani nje ya mlango wa chumba changu. Kabati lina kufuli, na ufunguo nilikaa nao mimi. Niliwaambia ni kwa sababu ya wezi.

Hakuna mtu aliyewahi kuiba ribon. Aibe ribon akaifanyie nini?

Ukweli ni huu. Naishi peke yangu katika chumba kimoja nyuma ya mahali pa kufulia nguo za hospitali, na nikifunga mlango jioni silisikii jina langu hadi asubuhi. Lakini mtu akitaka ribon lazima aje kwangu, na sisi Wakamba hatumwombi mtu kitu kabla ya kumjulia hali. Hata awe anakimbia, atasimama aulize nimeamkaje, na watoto wako salama? Kwa vile sina watoto, waliniulizia mama. Mamako anaendeleaje? Yuko salama, nawajibu, huku nikitafuta ufunguo polepole kuliko ilivyohitajika. Kwa ribon moja nilisalimiwa vizuri kabisa.

Mwezi wa nane mama akafariki, kwetu, milimani ng'ambo ya Wote. Nilipewa siku sita. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa langoni nangoja basi, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso, nikagusa ufunguo wa kabati. Basi lilikuwa halijafika. Kutoka langoni hadi maabara ni mwendo wa kusalimia watu wawili. Ningeweza kurudi.

Tangu siku hiyo nimesema nilisahau.

Sikusahau. Niliushika ule ufunguo nikawaza, wacha wanitafute kidogo. Nilikuwa naenda kumzika mtu wa mwisho aliyeniita jina langu bila kuhitaji kitu, na nilitaka nikiwa huko, mtu mahali fulani aseme, Ndinda yuko wapi?

Walisema, na walisema sana. Ribon ya maabara ilikauka siku ya pili.

Hapa pana jambo ambalo mgeni hangelielewa. Kufuli lenyewe ni dogo, la kufungia sanduku la shule. Fundi wa hospitali angelivunja kwa nyundo moja. Hakuna aliyeligusa. Mutinda, bwana wa maabara, mtu mwenye diploma na akili zake timamu, alifika mbele ya kabati langu akasimama, akarudi zake. Nilimwuliza baadaye kwa nini.

"Ndinda, mtu ako matanga anazika mamake, na mimi nivunje kabati yake?" akaniambia. "Hiyo si ni kutafuta laana?"

Kwa hiyo wakaningoja, kwa heshima, na wagonjwa wakangoja pamoja nao. Ukutani pa maabara pana amri ya Bwana Kilonzo, katibu wa hospitali, kwamba majibu yatolewe yakiwa yamechapwa tu, kwa vile ya mkono yaliwahi kuchanganywa. Mutinda aliwaandikia wa wodini kwa siri. Wagonjwa wa nje waliambiwa printa ni mbovu, wakae kwenye benchi.

Niliporudi walinijia mlangoni watatu pamoja, wakanipa pole, wakanishika mkono mmoja mmoja bila kujali wino, kisha wakaomba ribon. Lazima niandike hili ingawa linanitia aibu. Leso yangu ilikuwa bado inanuka moshi wa matanga, nami nilifurahi.

Nikaenda maabara, nikaiwekea printa ribon, ikaanza kuchapa majibu yaliyolala ndani ya kompyuta. Watu wakaja wakachukua yao. Karatasi moja ikabaki. Ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili, Mwendwa, aliyeletwa na susu yake, yaani nyanya yake, kutoka upande wa Tseikuru. Siku mbili yule susu alikaa chini ya dirisha la maabara, mtoto mgongoni. Jioni ya pili lori lililoleta mbuzi sokoni lilikuwa linarudi huko tupu, na nyumbani alikuwa ameacha mifugo bila mtu. Akapanda. Karatasi inasema damu ya mtoto imepungua sana, alazwe. Mutinda alikuwa amepima watu wengi siku ile, hakuwa ameunganisha namba na sura. Alipoisoma ilipotoka kwenye printa, aliketi chini.

Ujumbe ulitumwa kwa chifu wa huko. Ukatumwa tena kupitia kanisa. Hakuna jibu hadi leo. Karatasi ninayo mimi, ndani ya Biblia, na kila nikiifungua Biblia inafunguka hapo hapo.

Sasa kuhusu ule ukurasa.

Bwana Kilonzo aliambiwa printa iliharibika. Hakuna aliyemsahihisha, na wa kwanza kunyamaza ni mimi. Basi akafanya ambalo katibu yeyote mwenye bidii angefanya, akatafuta kampuni Nairobi inayochukua printa za hospitali mikononi mwake. Wataleta mashine zao, karatasi zao, ribon zao na fundi wao. Sisi tutabaki kubonyeza tu. Jumatatu bwana mmoja mwenye tai alikuja kutukagua. Alizisifu nguo za printa. Alipoona kile kiberiti alicheka kwa adabu. Kisha akauliza hizi mashine huharibika mara ngapi kwa mwaka. Mama wa rekodi akatazama sakafu. Mutinda akanitazama mimi. Nikasema, si mara nyingi.

Alipoondoka Bwana Kilonzo akaniita ofisini.

"Ndinda, hizi mashini ni wewe unazijua. Niandikie ukurasa moja tu, faida na hasara ya hii kampuni. Kamati inakaa wiki ijayo, na yenye utaandika ndio nitawasomea."

Jumanne na Jumatano nimeandika hasara. Na ni za kweli, hakuna ya kubuni. Simu yetu hufa mvua ikinyesha, na wakati mwingine hufa kwa kusikia tu fununu za mvua. Fundi atapita mara moja kwa mwezi. Printa ikikwama kesho yake, nani atamwita, na atafika lini? Hajui habari ya kiberiti. Hajui kwamba ya famasi hukataa karatasi asubuhi ya baridi hadi uipashe moto kwa mikono. Mimi niko ng'ambo ya uwanja tu, nikiitwa nafika kabla mtu hajamaliza kulalamika. Nilisoma nikaona huo ni ukurasa mzuri, wa mtu mwenye uzoefu.

Faida niliandika moja. Ribon zitakaa katika kila idara, bila kufuli.

Niliitazama hiyo faida hadi macho yakauma. Haihitaji kampuni. Inahitaji mimi nifungue kabati.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na kweli sikuzaa, lakini mwenye kulipia ni mtoto wa watu.

Leo asubuhi nikararua ule ukurasa nikaanza upya. Niliandika kwamba printa ya maabara haikuharibika mwezi wa nane. Niliandika ufunguo ulikuwa wapi, na kwamba sikuusahau. Niliandika jina la mtoto. Kisha nikasema kampuni tusiichukue, kwa sababu ya simu na umbali, lakini mimi pia nisiachiwe kabati tena. Kila idara iwe na ribon zake na mtu wake aliyefundishwa. Mwisho nikaomba kiti katika gari la chanjo litakaloenda Tseikuru Jumatano, niipeleke ile karatasi mwenyewe.

Bwana Kilonzo alisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Alisoma mara mbili. Nilingoja anifokee, hakufoka, na heri angefoka. Aliuliza tu kama mtoto yuko hai. Nikasema sijui.

"Basi enda Jumatano," akasema. "Hiyo ingine ya kazi yako, kamati itaona."

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye kabati. Niliondoa kufuli, nikagawa ribon, rekodi, famasi, maabara, hata zile zilizokuwa bado dirishani. Maabara nikamwonyesha Mutinda jinsi ya kubadilisha. Unainua kifuniko, unabana hapa na hapa, unatoa ya zamani, unalaza mpya, unaizungusha kidogo kwa kidole ikaze. Alijaribu mara moja, ikaingia, printa ikachapa. Akanitazama.

"Ni hivi tu?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alishangaa tu, kama mtu aliyezunguka mlima kumbe njia ilikuwa hapa karibu.

Ni hivi tu.

Miaka minne.

Tangu saa tisa hakuna aliyekuja mlangoni kwangu, na hakuna sababu ya mtu kuja. Kabati liko wazi, ndani mna chupa ya wino wa muhuri na gazeti kuukuu. Naogopa kufutwa kazi, nisijidanganye. Lakini naogopa zaidi kwamba sitafutwa, kwamba nitaachwa hapa nizifute printa vumbi, na watu watapita dirishani wakiwa na haraka zao. Nimezoea kuwa mtu anayehitajika. Kama mimi ni mtu wa kutembelewa, hilo bado sijalijua.

Kesho saa mbili nitazunguka kama kawaida, mikono mitupu. Nitabisha hodi maabara, Mutinda ataniambia karibu, halafu atangoja nimwambie nimeleta nini. Nitamwambia nimekuja kumsalimia. Nitamwuliza watoto wake majina, kwa maana miaka minne nimeulizwa hali na sijawahi kuuliza kwa kutaka kujua.

Na Jumatano nitabisha hodi Tseikuru. Huko nitakuwa na kitu mkononi, lakini hakitolewi kwanza. Nitapewa kigoda, nitaletewa maji ya kunywa, na kabla ya kusema lililonileta itanibidi nimjulie hali yule susu, jinsi nilivyojuliwa hali mimi kwa kila ribon. Habari za nyumbani. Habari za mifugo.

Watoto wako salama?

Nitalitamkaje hilo swali, nami nimebeba karatasi?