Risasi Mia Tano za Kaka Weldon

Shambani, njia ya mto Nueces,
Alhamisi, 14 Machi

Kwa kaka yangu Weldon,

Pokea salamu zangu baada ya kimya cha wiki tatu. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na wifi yangu Charlene, na kwamba mvua iliyotunyeshea huku imefika na huko kwenu San Angelo, maana najua kisima chenu kilivyokuwa. Mimi mwili wangu hauna neno. Hollis anaendelea vizuri kuliko tulivyotarajia. Nyuzi zote arobaini na moja za kidonda zimetolewa Jumanne, na sasa anatoka kitandani mpaka jikoni kwa fimbo, akilalamika njia nzima kwamba kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Mbuzi wamezaa, na vitoto vilivyosalia vinanyonya vizuri.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Nimepiga mara nne. Mara tatu hukupokea. Mara ya nne nilikata mwenyewe kabla hujapokea, kwa sababu nilijua nitafoka, na wewe ungenyamaza kama unavyonyamaza siku zote, mpaka anayefoka aanze kuomba msamaha. Kwenye karatasi huwezi kunifanyia hivyo. Kwa hiyo kaa, vaa miwani, soma mpaka mwisho.

Nianze na bunduki yenyewe. Hollis alinunua vipande vyake kimoja kimoja kwa posta, karibu mwaka mzima, kama wanavyofanya wanaume wote wa kaunti hii: mtutu mwezi huu, kitako mwezi ujao, na kila boksi likifika analifungua mezani kama mtoto siku ya Krismasi. Kisha akakuletea wewe uviunganishe, maana nani mwingine? Miaka ishirini na miwili fundi wa silaha jeshini. Ulipoirudisha mwezi wa Oktoba ilikuwa bunduki fupi, nyeusi, ya mtindo ule ule wa askari, nyepesi hata mimi naibeba kwa mkono mmoja huku nimeshika ndoo kwa mwingine. Na kwenye kitako ulikuwa umebandika kile kipande chako cha utepe mweupe wa mafundi rangi: "500, haikukwama. W."

Huku kwetu utepe huo hauhitaji maelezo. Kila mtu anajua Weldon hamkabidhi mtu bunduki kabla hajapiga mwenyewe risasi mia tano bila kuisafisha, na ikikwama hata mara moja anaifumua upya na kuanza kuhesabu moja. Niliona wanaume wazima wakiuacha utepe ule pale pale mpaka unachakaa, wasikubali kuubandua. Kwa hiyo mimi nilipiga kumi tu za kurekebisha shabaha. Ya kumi ilitoboa kopo la kahawa kwa hatua mia moja, nikacheka peke yangu, nikaiegemeza nyuma ya mlango wa jikoni. Kuijaribu tena ningeona ni kukutukana.

Tena nilifanya zaidi ya hapo. Unalijua lile daftari la klabu ya shabaha, lililofungwa kwa mnyororo kando ya birika la kahawa, ambamo kila mwenye bunduki huandika alivyoiona yake. Niliandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba inakaa begani vizuri, haipigi teke, skrubu zake zimekaza, na kwamba imepiga risasi mia tano bila kukwama. Sikuandika ni nani aliyezipiga. Nilizichukua zikawa zangu, kwa kuwa zilikuwa zako. Oleta Pfluger, yule mjane wa ng'ambo ya kivuko, alisoma ukurasa ule, akaja kuniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Oleta, mimi naiamini kuliko ninavyomwamini mchungaji." Wiki hiyo hiyo akakuagiza umtengenezee ya kwake.

Sasa ile asubuhi ya Februari. Kupitia simu ya hospitali nilikuambia tu kwamba nguruwe mwitu amemjeruhi Hollis. Hukuuliza bunduki ilikuwa wapi. Nililiona hilo, lakini siku ile nilikuwa na mengine ya kufikiria.

Bunduki ilikuwa mikononi mwangu. Nguruwe walikuwa wamevunja waya na kuingia kwenye zizi la mbuzi waliozaa, saba au wanane, na walikuwa wanakula vitoto, Weldon, vitoto vya siku mbili. Hollis aliingia zizini kuwatoa wale walio hai, akaniambia nisimame langoni na nimpige yeyote atakayegeuka. Hakuchukua hata fimbo. Alisema, "Una mashine ya Weldon hapo, mama, unataka nibebe na jembe?" Dume kubwa likageuka. Nilipiga, nikalipata begani, likazidi kupata wazimu. Nikavuta tena, kimya. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikagonga magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta mpini, nikapiga. Risasi moja ikatoka, ikaenda mchangani. Nikavuta tena. Kimya. Hollis alikuwa na kitoto cha mbuzi kila mkono, hakuwa na mkono wa kujikinga. Lile dume lilimpasua paja kutoka gotini mpaka karibu na kinena, nami nimesimama hatua kumi na tano, nimeshika chuma kisicho na faida. Mwishowe nililipiga lile dume kwa kitako cha bunduki mpaka likaondoka. Daktari alisema ingekuwa kidole kimoja zaidi upande wa ndani, nisingekuwa na mume.

Hospitalini Hollis aliwachekesha wauguzi. Alisema yeye ndiye mwanamume pekee wa kaunti aliyeshindwa vita na soseji. Mimi sikucheka. Nilipomwambia bunduki ilikwama, alisema ni risasi za bei rahisi, au vumbi, au niliishika legelege kwa woga. Alilaumu kila kitu duniani isipokuwa wewe.

Nikaipeleka kwa Anselmo Ruiz, yule fundi bunduki nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, bila kumwambia Hollis. Haya yanayofuata fundi wa jeshi anayajua, lakini mimi nilikuwa siyajui, na nataka ujue nilivyoelezwa, neno kwa neno. Ruiz aliifungua mezani. Akanionyesha kile chuma cha ndani kinachokwenda mbele na nyuma, na juu yake kibomba kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili. Akasema gesi ya risasi hupita humo kukisukuma chuma kipakie risasi nyingine. Skrubu zikilegea, gesi inavuja, bunduki inapiga moja na kulala. Ndiyo maana mtengenezaji huzigonga kingo kwa tindo, zisizunguke tena. Kisha akaigeuza skrubu moja kwa ukucha wa kidole gumba. Ikazunguka.

Nikamwambia haiwezekani, hii imepiga mia tano. Akauangalia utepe, akaniangalia mimi, akavua kofia. Alinionyesha kile kinundu kilicho nyuma ya tundu la kutolea maganda. Kila ganda likiruka hugonga pale na kuacha doa la shaba, akasema, na bunduki iliyopiga mia tano huwa imepakwa dhahabu pale. Yangu ilikuwa na madoa machache, ya kuhesabika. Akasema kwa upole, "Bibi, hii haijapiga hata ishirini." Kumi zangu za kopo, na mbili za zizini. Kumi na mbili, Weldon. Zote zangu. Wewe hukupiga hata moja.

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Baba alipoondoka nyumbani nilikuwa na miaka tisa, na sikulia, kwa sababu wewe ulisema hatutakosa kitu na sisi hatukukosa. Tangu siku hiyo ukisema kitu ni kweli, nakiacha hapo hapo. Pale kwa Ruiz niliona haya mimi, kana kwamba ni mimi nimekamatwa. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu Ruiz akasema jambo jingine, na nusura nimpige kofi. Alisema aliyeiunganisha alijaribu kuzigonga zile skrubu. Kulikuwa na alama za tindo kila mahali, saba au nane, pembeni, juu, chini, hakuna hata moja iliyopata ukingo. Akasema ni mkono wa mlevi, au wa mtu anayetetemeka. Nikamwambia kaka yangu hajagusa pombe miaka kumi na tisa, na ni shemasi wa kanisa la Wabatisti. Akasema, "Basi ni lile la pili."

Nilimpigia wifi nikiwa bado kwenye pikapu. Akalia. Akasema ulimkataza kuniambia. Akasema daktari alikuambia tangu Agosti kwamba una ugonjwa wa kutetemeka, na dawa zinasaidia asubuhi tu. Akasema siku zote hizo ulizoaga kwamba unakwenda kiwanjani kujaribu bunduki ya Hollis, ulikaa ndani ya gari mpaka saa ya kurudi, na boksi la risasi bado liko chini ya kiti, halijafunguliwa. Nilidhani nitakuhurumia. Nilikuhurumia kama dakika tatu. Kisha nikaikumbuka damu ya Hollis kwenye manyoya ya wale vitoto.

Ungeniambia, Weldon. Ungesema tu, "Nelda, mikono yangu imenisaliti, mpelekee Ruiz." Nani angekucheka? Badala yake uliandika namba juu ya utepe na kunipa bunduki nimlinde nayo mume wangu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini wewe yako uliyaficha, na kilichokaribia kuumbuliwa ni mguu na roho ya mtu mwingine.

Sasa yapo mawili ninayotaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

La kwanza. Juzi nilikwenda kwa Oleta, nikaichukua bunduki yake, tukaipeleka kwa Ruiz pamoja. Skrubu zake ziko vile vile. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, anaishi peke yake, polisi wako umbali wa dakika hamsini. Tulipotoka pale nilikwenda klabuni moja kwa moja, nikaukata ukurasa wangu kwenye daftari kwa kisu, na kuandika mwingine: kwamba zile mia tano sikuzipiga mimi wala hakuna aliyezipiga, na kwamba kila mwenye bunduki iliyotoka kwenye meza yako tangu Agosti asiitegemee mpaka Ruiz aitazame. Nimeandika jina lako lote na langu lote. Kuhusu mikono yako sikuandika. Hilo ni lako kulisema. Kufikia Jumapili kanisa zima litakuwa limesoma, na nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

La pili ni zito zaidi, na limenifanya niichane barua hii mara mbili. Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua. Siku ile ya Oktoba uliponikabidhi bunduki uwanjani, niliuona utepe. Ile sufuri ya mwisho ilikuwa imekwenda zigizaga kama iliyoandikwa na mtoto wa chekechea, wewe ambaye mwandiko wako walimu walikuwa wanautundika ukutani. Niliinua macho, nikaona kidole gumba chako kinacheza, na wewe ukaona kwamba nimeona. Tulitazamana, Weldon, usiniambie umesahau. Ningeweza kuuliza. Niliogopa utakachojibu, nikasema leo upepo ni mkali, ingia ndani upate pai ya njugu za pikani. Ukaingia, ukala. Kwa hiyo hukunidanganya peke yako. Nilikusaidia, halafu nikaenda kuuandika uongo wetu kwenye daftari ili watu wengine nao wauamini. Nakulaumu, na nitakulaumu kwa muda mrefu, lakini sitakulaumu kama mtu asiye na doa.

Hollis hajui kitu. Hajatoka nje ya nyumba, na wanaokuja kumwona nimewaomba wazungumzie mvua. Jana jioni alinikuta nimeinamia karatasi hii, akauliza namwandikia nani. Nikasema nakuandikia wewe. Akafurahi. Akasema nikuandikie kwamba usione haya kuja, bunduki yoyote hukwama siku moja, na kwamba hataki mtu mwingine aiguse. Atakungojea wewe uitazame, kwa sababu wewe ukisema imepona atarudi zizini nayo bila wasiwasi. Nilimwambia nitaandika hivyo, na nimeandika.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nitamweleza yangu. Yako sitamsemea. Chakula kitakuwa mezani saa sita na nusu.

Msalimie wifi Charlene, mwambie simkasirikii. Nakutakia afya, nalisema kwa moyo wote hata leo.

Ni mimi dada yako, niliyekukasirikia na ambaye bado nakuwekea sahani,

Nelda