Banda la Magurudumu Limetiwa Kufuli

Jumatatu, 3 Novemba
Wazima wote. Mimi mzima, goti tu. Mwanangu Detlev mzima, Wieland mdogo wake mzima, dada yao Almut kapiga simu kutoka mji wa Kassel, mzima. Kuku mia tatu nao wazima, lakini wamefungiwa. Amri ya wilaya: korongo wanaohama wameleta mafua ya ndege, kuku wote wakae ndani mpaka tuambiwe. Ndani wapi? Banda letu la magurudumu ni la kulala na kutaga tu. Kila wiki trekta inalivuta kwenye majani mapya, kuku wanashinda nje. Sasa Detlev katia kufuli.

Jumatano, 5 Novemba
Mmoja kafa. Wenzake wamemdonoa nyuma mpaka matumbo yakatoka, wakayagombania. Nilimtoa akiwa bado anapumua, nikamnyonga mwenyewe. Nikawatundikia kabichi tatu wachezee. Wamezimaliza, wakarudi kwenye damu.

Ijumaa, 7 Novemba
Waliokufa wamefikia kumi na wanne. Sakafu ya banda inateleza. Mchana Wieland kamwaga ndoo ya mizoga mezani, mbele ya sahani ya kaka yake. Fungua watoke nje, kasema, au tuanze kula hawa? Detlev kasema shamba liko kwa jina lake. Ugonjwa ukiingia, watakuja watu kuwaua kuku wote kwa gesi. Wieland kacheka. Basi bwana mkubwa, kalale nao humo, tuone watakuanzia wapi. Detlev kampiga kwa kiti.
Jino la Wieland nimeliokota kwenye supu ya viazi. Wanangu hawa niliwaogesha kwenye beseni moja.

Jumamosi, 8 Novemba
Asubuhi, Detlev akinyoa ndevu, nimeutoa ufunguo kwenye koti lake. Nilidhani ukipotea watatulia. Nimekosea — kila mmoja anasema mwenzake kauficha.
Nawaona dirishani, wako malishoni, kando ya banda. Detlev alikuwa na mpini wa sepeto. Wieland kaanguka, kainuka, kaanguka tena. Sasa mpini anao Wieland. Kuku wanapiga kelele humo ndani, banda linatikisika. Nimeita mpaka sauti imekauka. Goti halinifikishi.
Ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Nikiwapungia nao, lazima nimpe mmoja, na mwingine hatanisamehe.
Nimemwandikia Almut kwenye simu. Mwanangu, kaka zako wanauana, ufunguo ninao mimi. Nijibu upesi, nimpe nani?
Bado hajasoma.